Uozo wa Kasi wa Utando: Jina Jingine la Maradhi ya "Bakteria Walao Nyama"

Mwaka 1994 wagonjwa kadhaa wa eneo la Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza, walipatwa kwa kufuatana na maambukizi yaliyoharibu nyama za miili yao kwa kasi ya kutisha. Magazeti ya huko yakayapa maradhi hayo jina lililoizunguka dunia, na lilipofika kwetu likavaa Kiswahili: bakteria walao nyama. Desemba ya mwaka huohuo Lucien Bouchard, mwanasiasa mashuhuri wa Quebec nchini Kanada, alikatwa mguu ili aokolewe na maradhi hayo. Oktoba 2004 mwanafizikia wa Marekani Eric Cornell, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001, alipoteza mkono wa kushoto pamoja na bega. Kwa kila habari ya namna hiyo, jina lile lilizidi kuota mizizi.

Ni jina linalomvuta msomaji na kumpotosha mgonjwa. Anayesikia kwamba nyama inaliwa hutarajia kuona shimo, usaha, kidonda kinachopanuka mbele ya macho. Saa za mwanzo hakuna hata kimoja katika hivyo. Ngozi imevimba kidogo, pengine ina wekundu usiotisha, na pengine haina jeraha kabisa. Kinachosumbua ni maumivu. Basi mtu anakaa nyumbani akisubiri dalili ambayo jina limemwahidi, na dalili hiyo ikija, muda wa kumwokoa umekwisha kuwa mfupi mno. Ndiyo sababu naona suala la istilahi hapa si mchezo wa wanaleksikografia. Jina la ugonjwa humfundisha mtu atazame nini, na hili linamfundisha atazame mahali pasipo.

Madaktari huyaita fasaitisi ya nekrosi. Daktari wa upasuaji wa Marekani, Ben Wilson, ndiye aliyelipendekeza jina hilo mwaka 1952, baada ya majina mengi kupita. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, daktari wa jeshi la Kusini, Joseph Jones, alikusanya habari za majeruhi 2,642 waliopatwa na kitu kilichoitwa gangrini ya hospitali. Karibu nusu yao walikufa. Mwaka 1883, jijini Paris, Jean-Alfred Fournier aliieleza sura yake inayoshambulia sehemu za siri za wanaume, na mpaka leo sura hiyo huitwa gangrini ya Fournier. Mwaka 1924 Frank Meleney, aliyekuwa akifanya kazi Beijing, aliandika juu ya wagonjwa 20 na kumtaja streptokokasi kuwa chanzo. Wote hao waliupa ugonjwa jina kwa kutazama mahali ulipotokea, au kiungo ulichokishambulia, au kijidudu kilichouleta. Wilson alitazama tabaka la mwili linaloharibika, akaona kwamba katika sura zote hizo tabaka ni lilelile.

Tabaka hilo ni fashia, neno la Kilatini lenye maana ya mkanda au kitambaa cha kufungia. Aliyewahi kuchuna mbuzi analijua vizuri. Kisu kikishafungua ngozi, mchunaji huacha kisu akaingiza ngumi, na ngozi ikabanduka, kwa sababu kati yake na nyama pana utando mweupe, mwembamba, wenye kung'aa. Mwili wa binadamu nao umefungwa hivyo hivyo, kutoka shingoni hadi nyayoni, na utando huo hauna damu nyingi. Bakteria wakiufikia wanapata njia iliyonyooka: hawana haja ya kutoboa misuli wala kupasua ngozi, wanateleza katikati. Kwa hiyo uharibifu wa ndani huwa mpana kuliko ule unaoonekana nje, wakati mwingine kwa upana wa viganja kadhaa.

Nekrosi ni kufa kwa sehemu ya mwili ulio hai, neno la Kigiriki. Kiambishi kinachobaki, kile kinachofanya fashia iwe fasaitisi, hutumiwa na madaktari kutaja mwasho wa ndani: uvimbe, joto, wekundu na maumivu ya kiungo kilichoshambuliwa. Kiswahili hakijawahi kuwa na mshirika mmoja wa kiambishi hicho, na sioni kwamba ni upungufu. Mara nyingine kimetumia homa: homa ya uti wa mgongo, homa ya ini. Mara nyingine kimetaja kiungo peke yake, kikaacha muktadha useme lililobaki. Mtu akisema amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo hatuulizi kilikuwa na nini. Tukifuata mfano wa kwanza tungepata "homa ya utando". Neno lina mvuto wa ukoo, lakini lingedanganya kwa namna nyingine, maana wagonjwa wengi wa maradhi haya hufika hospitali bila homa. Anayengoja joto la mwili lipande angechelewa sawasawa na anayengoja shimo.

Tuseme pia waziwazi kwamba bakteria hawa hawali nyama. Wanachofanya ni kutoa sumu. Sumu hizo huvunja tishu, huuchanganya ulinzi wa mwili mpaka mwili ukajidhuru wenyewe, na hugandisha damu ndani ya mishipa midogo inayolisha utando na ngozi. Mishipa ikiziba, sehemu yote inayotegemea damu hiyo hufa kwa kukosa hewa na chakula. Jambo hili ndilo ufunguo wa tiba nzima. Dawa ya sindano au ya dripu husafiri kwa damu. Mahali ambapo damu haifiki, dawa haifiki. Unaweza kumpa mgonjwa dawa bora kuliko zote duniani na bakteria wakaendelea kustawi katika nyama iliyokufa. Hapo ndipo ulazima wa kisu unapotokea.

Wanaoleta maradhi haya ni wengi. Mara nyingi ni mchanganyiko wa bakteria wa namna kadhaa wanaoshambulia kwa pamoja, hasa kwa wenye kisukari, wazee, na waliofanyiwa upasuaji wa tumbo. Mara nyingine ni mmoja tu, streptokokasi wa kundi A, yuleyule anayeleta maumivu ya koo kwa watoto wa shule. Huyu ana ubaya wa pekee, kwa sababu humpiga hata kijana mwenye afya kamili, na humpiga hata pasipo jeraha, baada ya kugongwa au kuteguka tu. Watoto wenye tetekuwanga nao wamo hatarini naye, kwa kuwa malengelenge yaliyokunwa humfungulia mlango. Wapo pia klostridia, wa jamii moja na yule wa pepopunda, wanaotoa gesi ndani ya nyama. Na katika maji ya bahari yenye joto na penye kuchanganyika chumvi na maji baridi yumo Vibrio vulnificus, ambaye huingia kwa mkwaruzo wa gamba au mwiba wa samaki. Mwenye ugonjwa wa ini akipatwa naye huwa katika hatari kubwa sana.

Sasa dalili, na hapa sitakwenda haraka.

Ya kwanza, na yenye uzito kuliko zote, ni maumivu yasiyolingana na kinachoonekana. Mguu una wekundu wa kawaida, lakini mgonjwa analia. Hawezi kuvumilia shuka limguse. Maumivu yanapita mpaka wa wekundu, na uvimbe nao unapita mpaka huo. Ukibonyeza, mahali pamekuwa pagumu kama ubao, tofauti na uvimbe laini wa jipu au wa maambukizi ya juu ya ngozi. Kisha mambo huenda kwa saa, si kwa siku. Ngozi hubadilika rangi ikawa ya zambarau au ya majivu. Kwa ngozi nyeusi wekundu wa mwanzo huenda usionekane kabisa, na badala yake mahali pakang'aa, pakawa peusi zaidi au pakawa na rangi isiyo yake, basi mkono unaogusa ni shahidi mzuri kuliko jicho. Hutokea malengelenge yenye maji ya rangi ya damu. Wakati mwingine kidole kikipita juu ya ngozi husikia mchakacho wa vipovu vya gesi chini yake. Mgonjwa naye hubadilika: moyo unakwenda mbio, presha inashuka, mkojo unapungua, anaanza kuweweseka.

Halafu huja dalili inayowadanganya wengi. Maumivu yanapungua. Mgonjwa anasema amepata nafuu, ndugu wanashukuru, safari ya hospitali inaahirishwa hadi kesho. Kumbe neva za ngozi zimekufa, na mahali palipokuwa pakiuma pamekufa ganzi. Kama uvimbe upo palepale au umepanda, na rangi imezidi kuharibika, maumivu kutoweka ni habari mbaya kuliko maumivu yenyewe. Dawa kali za kutuliza maumivu, zile ambazo watu huchomwa sindano ya haraka dukani, zinaweza kuificha picha hii kwa njia hiyohiyo: zinashusha homa na uchungu huku ugonjwa ukiendelea.

Kwamba maradhi haya huponyoka hata mikononi mwa wataalamu, ushahidi upo. Mwaka 2003 madaktari wa Singapore walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 89. Waliotambuliwa kuwa na maradhi haya siku ya kulazwa walikuwa 13 tu. Wengine walidhaniwa wana jipu au maambukizi ya kawaida ya ngozi. Zaidi ya theluthi mbili ya wagonjwa wote walikuwa na kisukari. Na walipopima mambo mbalimbali yaliyoathiri uhai na kifo, kuchelewa kwa upasuaji kupita saa 24 ndiko kulikojitokeza waziwazi. Mwaka uliofuata watafiti haohao wakatoa kipimo cha alama kinachotumia vitu sita vinavyosomwa katika damu, kuanzia chembe nyeupe hadi chumvi na sukari. Alama 6 na kuendelea zilipaswa kumtia daktari shaka. Kipimo hicho kimesaidia, lakini tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba huwakosa wagonjwa wengi, kwa hiyo alama ndogo haimpi daktari ruhusa ya kumrudisha mtu nyumbani. Picha za mashine nazo zinaweza kuonyesha gesi au maji kwenye utando, mradi zisimcheleweshe mgonjwa.

Kipimo cha uhakika ni kukata na kutazama. Daktari hutia ganzi, akapasua kidogo hadi kwenye utando, akaingiza kidole. Utando wenye afya hushika. Uliokufa huachia, kidole kikateleza kati ya tabaka bila kizuizi, kama ngumi ya mchunaji. Damu haitoki. Kinachotoka ni majimaji membamba ya rangi ya kijivu, yenye harufu mbaya. Akiona hivyo, daktari hana haja ya kusubiri majibu ya maabara.

Tiba huanza kabla ya chumba cha upasuaji. Mgonjwa hutundikiwa dripu ili presha isimame, na dawa za kuua bakteria huanzishwa papo hapo kwa mshipa, zenye kushambulia bakteria wa namna nyingi kwa pamoja kwa sababu bado hajulikani ni nani: kwa mfano vankomaisini pamoja na meropenemu, au pamoja na piperasilini na tazobaktamu. Huongezwa klindamaisini, na sababu yake ina historia nzuri. Mwaka 1952, mwaka uleule Wilson alipotoa jina lake, mtafiti Harry Eagle wa Marekani alionyesha katika panya kwamba penisilini hushindwa pale streptokokasi wanapokuwa wengi mno. Penisilini huua bakteria wanaogawanyika, na wakishajaa mahali huacha kugawanyika. Klindamaisini haitegemei hilo. Huzuia utengenezaji wa protini, na sumu ni protini. Bakteria wanaweza kuwa bado hai lakini wamenyang'anywa silaha. Maabara ikithibitisha kwamba ni streptokokasi wa kundi A, mgonjwa hubaki na penisilini na klindamaisini. Akiwa ni yule wa maji ya bahari, doksisaiklini huingia.

Lakini hakuna dawa hata moja kati ya hizo inayochukua nafasi ya upasuaji. Daktari hukata kila kilichokufa mpaka afikie nyama inayotoa damu yenye afya, na kidonda hakishonwi, huachwa wazi. Kabla ya saa 24 kupita mgonjwa hurudishwa mezani kukaguliwa, na hurudishwa tena na tena hadi pasionekane kipya kilichokufa. Pakiwa pametulia, huja kazi ndefu ya kusafisha, kulisha mwili, na kupandikiza ngozi. Mguu au mkono ukiwa umeshaharibika wote, hukatwa. Hapa familia nyingi husita kutia saini, na kusita huko kunaeleweka. Kumkata mzazi mguu si uamuzi wa dakika tano. Hata hivyo maradhi haya hayatoi nafasi ya kuita kikao cha ukoo kutoka mikoani. Hata katika hospitali zenye kila kifaa, takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano hufariki. Asiyefanyiwa upasuaji ni nadra sana kupona.

Msomaji wa pwani yetu asidhani haya ni ya Uingereza na Singapore. Dar es Salaam ina nafasi yake katika vitabu vya tiba kwa ajili ya ugonjwa wa mkono wa wenye kisukari katika nchi za joto, uliochunguzwa kwa miaka mingi na Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake. Mwenye kisukari anachomwa na kitu kidogo, au anaumwa na mdudu, au anajikwaruza akipika. Jeraha halimsumbui, hasa kama kisukari kimeshapunguza hisia za mkono. Anapofika hospitali, mkono wote umevimba, na baadhi yao hupoteza vidole, mkono, au maisha. Maambukizi yanayoteketeza tishu za ndani ni sehemu ya ugonjwa huo. Kila mwenye kisukari nyumbani anastahili kukaguliwa mikono na miguu kila siku, na mkwaruzo wake usichukuliwe kama mkwaruzo wa mtu mwingine.

Kuna neno letu la zamani ambalo wengi hulikimbilia: donda ndugu. Ni neno zuri, lenye nguvu kiasi kwamba wahariri hulitumia kwa rushwa na kwa ukabila. Lakini nguvu yake ni ya kitu sugu, kidonda kisichopona, kinachokaa na mtu miezi na miaka. Kulitumia kwa maradhi yanayoua kwa siku mbili ni kuondoa haraka yote. Donda ndugu lingefaa zaidi kwa ugonjwa wa Buruli, uliopata jina lake kutoka eneo la Buruli nchini Uganda, ambako tangu mwaka 1897 daktari mmisionari Albert Cook alikuwa amekwisha kuandika juu ya vidonda vya namna hiyo katika hospitali ya Mengo. Huo nao magazeti huuita wa bakteria walao nyama. Chanzo chake ni ndugu wa bakteria wa kifua kikuu na wa ukoma, anayekwenda polepole na ambaye sumu yake huondoa maumivu, na tiba yake ni vidonge vya wiki nane. Mmoja unauma kupita kiasi na hupimwa kwa saa. Mwingine hauumi na hupimwa kwa majuma. Jina moja kwa yote mawili ni hatari ya wazi.

Napendekeza basi "uozo wa kasi wa utando". Utando unasema mahali, kwamba ni chini ya ngozi na hutapaona. Uozo unasema kinachotokea, bila kumpa bakteria meno. Kasi inautenga na donda ndugu na Buruli, na inamwambia muuguzi wa zamu kwamba huyu hapangi foleni. Fasaitisi ya nekrosi ibaki katika vyeti, vitabu na barua za rufaa, ambako madaktari wa nchi mbalimbali wanapaswa kuelewana bila shaka. Kwenye redio, kwenye mabango ya zahanati na katika mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, tutumie jina ambalo bibi wa kijijini akilisikia mara moja anajua aangalie nini.

Jina jipya huchukua muda kukubalika, na wakati huo watu wanaendelea kuugua. Basi kama mtu wa nyumbani kwako ana uvimbe unaouma kuliko unavyoonekana, usiuchue, usiukande kwa maji ya moto, usiuchanje. Chukua kalamu ya wino, chora mpaka wa wekundu au wa uvimbe, andika saa pembeni yake juu ya ngozi, na muondoke kwenda penye daktari wa upasuaji. Zahanati isiyo naye iombeni rufaa ya dharura hapohapo, baada ya sindano ya kwanza ya dawa. Mkifika mapokezi msiseme tu kwamba mguu umevimba. Semeni maumivu yalianza saa ngapi, kwamba ni makubwa kuliko kidonda, kama ana kisukari, na alama ya kalamu imepitwa kwa kiasi gani tangu mlipoichora.